Gari Jekundu na Dereva Asiyepiga Honi

Wenzake kazini walimwita Mzee Taratibu, na hawakumwonea. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa gari la maiti, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka kilomita arobaini kwa saa akiwa na mtu nyuma. Ukimcheka, anakujibu kwa upole kwamba abiria wake hawajawahi kulalamika. Na honi haipigi kabisa. Dereva wa maiti hapigi honi, ndugu yangu. Anawasha taa kubwa mchana kweupe, anawasha taa za dharura zikonyeze pande zote mbili, anashika katikati ya barabara, basi. Watu wanapisha wenyewe. Malori yanapisha, mabasi yanapisha, hata wale vijana wa pikipiki wasiompisha mama yao mzazi wanasogea pembeni na kuinamisha vichwa. Mzee alikuwa ameizoea heshima ile mpaka akadhani ni yake.

Kumbe wapi! Ilikuwa ya maiti. Alikuja kulijua hilo siku moja ya mapumziko yake, na alilijua vibaya.

Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane, na mumewe alikuwa na kazi ya mkataba mbali, hivyo alikuwa amerudi kwa wazazi kusubiri. Daktari alikuwa amewaonya mapema. Kondo la nyuma limekaa chini, alisema, limeziba njia ya mtoto. Siku mtakayoona damu, hata kidogo, msikae kuulizana. Mleteni hapa mbio apasuliwe, maana ikianza kutoka kwa nguvu mna kama nusu saa hivi, baada ya hapo siahidi kitu. Tangu siku hiyo mzee hakutulia. Kila binti alipoingia msalani, yeye alinyamaza akasikiliza mlango. Akichelewa kutoka, mzee anakohoa barazani. "Nipo, baba," binti anamjibu kutoka ndani, na mama mtu anacheka, "Muache mtoto ajisaidie, wewe!" Alikuwa anacheka, lakini yeye mwenyewe usingizi ulikuwa umemhama.

Basi siku hiyo, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, mzee alikuwa anapiga viatu rangi, akasikia sauti ya mkewe kutoka chumbani. Haikuwa kelele ndefu.

"Baba watoto! Damu!"

Wakapiga simu hospitali. Gari la wagonjwa liko upande wa pili wa mji, wakaambiwa, subirini dakika arobaini. Dakika arobaini! Wakampigia dereva teksi wanayemjua, yuko kwenye foleni na abiria. Jirani mwenye gari ameshakwenda kazini. Gari la maiti lilikuwa kwenye zamu ya mwenzake, na hata lingekuwa pale mlangoni, mzazi gani angemlaza mwanawe mule akiwa hai?

Likabaki gari moja. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi rangi za magari na alifanyia kazi uani nyuma ya nyumba. Siku hiyo uani kulikuwa na gari la spoti, jekundu kama pilipili, la milango miwili na viti viwili, vioo vyeusi tii, lililoletwa kuondolewa mikwaruzo. Na huyo fundi, msimcheke, amepaka magari mengi kuliko nywele alizobakiwa nazo, lakini kuendesha hajui. Huyasukuma. Alikuja mbio na ufunguo mkononi.

"Shemeji, chukua."

"Rangi haijakauka," mzee akasema. Hofu ina mambo yake. Mtu anaona damu ya mwanawe, anazungumzia rangi.

"Rangi nitapaka tena!" shemeji akamfokea. "Mpwa wangu nitampaka tena?"

Wakamwingiza binti, wakamfunika shuka kiunoni, wakalaza kiti. Mama alisimama na kifurushi cha nguo za mtoto, akatazama ndani ya gari, akaona hakuna pa kukaa. Viti viwili ni viwili. Akakirusha kifurushi miguuni mwa binti na kufunga mlango. Saa ya gari, yenye tarakimu za kijani mbele ya usukani, ilionyesha saa nne kamili.

Sasa mfikirie mzee yule. Amezoea kukaa juu, gari refu, tulivu, linalonguruma kwa adabu. Hapa amekaa karibu na lami kama mtu aliyekaa kwenye jamvi, na kila akigusa mafuta gari linabweka mtaa mzima. Mikono ikafanya ilichozoea. Ikawasha taa kubwa. Ikawasha taa za dharura. Ikalishika gari katikati ya barabara.

Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa la mtu wa kazi yake tu. Kwenye gari la maiti, taa zile husema, jamani, tuna msiba. Kwenye gari jekundu la spoti zilisema, haya, nitazameni!

Na watu wakamtazama. Kwenye taa za kwanza, kijana mwenye kigari cheupe kilichofungwa bampa kwa waya alijisogeza ubavuni, akavumisha injini, vuum, vuum, huku anachekea kile kioo cheusi. Taa zilipowaka kijani akachomoka, halafu akaja kusimama mbele ya mzee na kujikokota makusudi, ajue kwamba vya bei kali navyo hupitwa. Mwenye pikipiki akawa sambamba nao, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine una simu, anapiga picha. Mama mmoja mwenye gari kubwa la familia alimwona mzee anajisogeza kuingia kushoto, nafasi ipo, ya kutosha kabisa, akaisogelea taratibu mpaka ikaisha, macho mbele kama hajaona kitu.

"Kwa nini hawapishi?" mzee akasema. "Nimewasha taa zote. Kwa nini hawapishi?"

"Baba, usikasirike. Endesha."

"Sijakasirika." Alikuwa amekasirika. "Umefikia wapi? Inatoka?"

"Inatoka."

Saa nne na dakika kumi na mbili wakafika kwenye mzunguko mkubwa, na hapo ndipo kulipokuwa na shughuli. Upande mmoja wa barabara ulikuwa umechimbwa, kwa hiyo mistari miwili ya magari ilikuwa inabanwa kuwa mmoja, na ustaarabu wa pale ni mmoja mmoja: huyu anapita, yule anapita. Zamu ya mzee ilipofika, pikapu iliyojaa magodoro mpaka angani ikamziba. Dereva wake, muuza magodoro, jibaba lenye kofia iliyopauka, aliegemea dirishani akiwa na raha zake. Yule wa nyuma ya pikapu akaona, naye akabana. Na wa nyuma yake. Unajua watu wakipata wa kumkomoa wanavyoelewana! Mistari yote ikawa inajikokota, lakini mzee hapati pa kuingia.

Saa nne na dakika kumi na tano. Foleni ilisogea hatua tano, mzee naye akasogea, ikasimama, na yule bwana akahakikisha tairi lake la mbele bado liko palepale, puani mwa gari jekundu.

"Baba," binti akasema, "nasikia baridi."

Mzee akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi kweli, na aliijua baridi, mwenzangu, hiyo ndiyo kazi yake. Mkono wake ukaenda katikati ya usukani, na kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita Mzee Taratibu akapiga honi. Akaipiga na kuipiga. Mlio wake ulikuwa mkali, wa kiburi, mlio wa tajiri anayemfokea mlinzi achelewaye kufungua geti, na muuza magodoro aliposikia hivyo akazima injini kabisa.

"Ehee!" akapaza sauti, na watu wakamsikia. "Umechoka kusubiri, bosi? Sisi tumezaliwa tunasubiri! Hela yako imenunua gari, barabara haijanunua!"

Watu wakacheka. Mtu fulani akapiga makofi. Mle ndani ya vioo vyeusi mzee alikuwa anapapasa mlango anatafuta pa kushushia dirisha, hapaoni, vitufe vimejaa kama vya redio, na machozi yanamtoka waziwazi.

"Maiti hana haraka," akawa anasema, "maiti hana anakokwenda, wanampisha! Huyu wangu mzima, wanamcheka!"

Tarakimu za kijani mbele yake zikaonyesha saa nne na dakika kumi na nane.

"Baba. Fungua paa."

"Nini?"

"Mjomba alisema paa linafunguka. Fungua wanione."

"Mwanangu, utaonekana ulivyo hivyo? Shuka lote limeloa. Watu wote hawa?"

"Wanione, baba! Stara ya maiti ya nini?"

Mzee akapapasa tena. Kitufe kilikuwa katikati, chenye picha ya gari lisilo na kichwa. Akakibonyeza na kukishikilia. Paa likainuka polepole, likajikunja, likaanza kurudi nyuma, na foleni nzima ikapiga mayowe. Sasa anajionyesha! Sasa anataka tumwone sura! Honi zikalia za kejeli, mwenye pikipiki akasimama juu ya vikanyagio na simu yake ili apate picha nzuri.

Akapata. Simu ikashuka.

Walimwona mzee mwenye mvi, fulana ya nyumbani, kandambili, mkono mmoja wenye dawa ya viatu. Ubavuni mwake mwanamke kijana, uso umepauka kama majivu, tumbo juu, na shuka lililokuwa jeupe. Kelele zikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma. Muuza magodoro alikuwa bado ametoa kichwa dirishani.

"Hospitali," mzee akamwambia. "Jamani. Hospitali tu."

Sitakudanganya kwamba yule bwana alijibu neno la maana. Alisema, "Mungu wangu," akawasha pikapu, akaipandisha ukingo wa barabara kwa kishindo, godoro la kwanza likadondoka. Akaingia mbele ya gari jekundu, akalalia honi, na hakuutoa mkono tena. "Fuata!" akapiga kelele. Saa nne na dakika ishirini. Yeye mbele na honi yake, mwenye pikipiki ubavuni anagonga maboneti ya watu kwa kiganja, mzee katikati, na kila kwenye tuta godoro moja linadondoka, la pili, la tatu, watu wanayakwepa. Muuza magodoro hakugeuka kuyatazama.

Saa nne na dakika ishirini na saba wauguzi walimpokea binti mlangoni, wakamsukuma ndani, na mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Mzee alikaa kwenye benchi la ukumbini. Muuza magodoro akaja, akavua kofia, hakujua aketi au asimame. Mwisho akakaa mwisho wa benchi.

"Mzee wangu, nisamehe. Ningejua..."

Mzee hakumtazama. Alikuwa anautazama ule mlango.

"Nilidhani ni hawa wenye pesa zao," yule akaendelea. "Walinisukuma mtaroni mwaka jana, mmoja wao, hakusimama hata kuuliza. Nikiona gari la namna ile tu, roho inachafuka. Majuto ni mjukuu, mzee."

"Mjukuu wangu yuko mle ndani," mzee akasema, "na sijui kama ni mzima. Nyamaza kidogo, baba."

Wakakaa hivyo, wawili, hawajuani hata majina. Kila mlango ulipofunguliwa walisimama wote, na kila mara alikuwa mtu wa kufagia, au wa kupitisha chupa za dripu, wakaketi tena. Mzee alianza kuhesabu vigae vya sakafuni, akapotea, akaanza upya.

Saa tano na nusu nesi mmoja akatoka, barakoa imeshuka kidevuni.

"Aliyekuja na yule mama wa gari jekundu?"

Wakasimama.

"Mama ni mzima. Amepoteza damu nyingi, tunamwongezea, lakini ni mzima. Mtoto wa kike, amelia mwenyewe." Akamtazama mzee usoni, akatikisa kichwa. "Mmeponea chupuchupu, mzee. Dakika kumi nyingine, ningekuja kukuambia mengine."

Akarudi ndani. Mzee alishika ukuta, akashukuru kwa sauti, akalia kama mtoto bila kujificha. Alipojifuta akamwona yule muuza magodoro bado amesimama palepale, ameikunja kofia mpaka imekuwa kamba, midomo inakwenda, anahesabu.

"Mzee," akauliza polepole, "pale kwenye mzunguko... nilikuzuia dakika ngapi?"

Mzee Taratibu akamtazama kwa mara ya kwanza tangu wakae. Alikuwa mtu mkubwa, na bado anaisokota kofia yake.

"Moja," mzee akasema. "Moja na nusu, labda. Nani alikuwa na akili ya kutazama saa?"

Yule bwana akashusha pumzi ndefu, akaketi, akajifunika uso kwa kofia yake.