Kofia ya Muuza Bunduki

Muuza bunduki wa mjini kwetu, hapa Nebraska, havui kofia hata akila. Mtu akitumiwa bunduki kutoka jimbo jingine, hupitia kwake kwanza; yeye huitoa sandukuni kwa vidole vinene vinavyonuka mafuta, huipangusa, kisha humuuliza mwenyewe bila kuinua macho, "Umenunua au umerithi?" Aliyenunua hulipa kodi ya jimbo. Aliyerithi halipi; huyo muuzaji humvulia kofia, kwa heshima ya marehemu.

Jumamosi Wendell alikuja kuchukua bunduki aliyoinunua Texas, na ulimi ukamteleza makusudi. "Nimerithi. Ya marehemu baba." Kofia ikavuliwa. Kipara kilikuwa cheupe kama yai, na Wendell akaona haya kukitazama. Mara mlango ukafunguliwa, baba yake akaingia kutoka garini akipiga miayo. "We Wendell, mbona hutoki? Kwani hiyo bunduki uliyonunua ndiyo kwanza inaundwa?"

Muuzaji akavaa kofia taratibu, akabonyeza kodi kwenye mashine yake, kisha akamgeukia baba mtu.

"Uniwie radhi, mzee," akasema. "Nimekuvulia kofia mapema."