Mafundo na Macho ya Gari la Daktari

Fundi umeme wa gereji moja mtaani aliitwa Mafundo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila waya uliopita mkononi mwake ulitoka umefungwa uzi wa cherehani. Fundo moja, huo unatoka kwenye betri. Mawili, unapandisha kioo au taa. Matatu, unashusha. Kitanzi, huo unarudisha umeme kwenye bodi. Watu walishazoea. Walisema ni mbwembwe za mtu aliyeoa fundi cherehani: nyuzi zimemjaa mfukoni, lazima azifunge mahali.

Ukweli aliujua mkewe peke yake. Mafundo hakuona tofauti kati ya nyekundu na kijani. Kwake zote mbili zilikuwa rangi moja, ya udongo uliolowa. Ujanani, kwenye gereji yake ya kwanza, aliunganisha nyaya mbili za basi alizoziona kama pacha, na kabla hajamaliza kufuta mikono, dashibodi ikaanza kufuka moshi. Alifukuzwa siku ile ile. Msimamizi alimwambia mbele ya watu wote, "Hata kipofu anakushinda." Alimweleza mchumba wake yote hayo huku yule binti anashona. Binti alimsikiliza hadi mwisho, mguu haujaacha pedali, kisha akakata uzi kwa meno na kumwekea kiganjani.

"Vidole vyako vina kasoro gani?"

"Havina."

"Basi yaache macho yapumzike."

Ikapita miaka ishirini na miwili bila waya wa Mafundo kuungua. Hakuna aliyejua, hata Nyundo, fundi bodi wa gereji hiyo hiyo, ambaye ni kaka wa mkewe na hana dogo: akishajua jambo, mtaa mzima umejua.

Sasa likaja gari la daktari wa meno. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unajikunja kama unatafuta kitu uvunguni. Taa zake za mbele zilikuwa za kulala. Ukizima, zinajilaza ndani na kujifunika, gari linabaki na uso laini usio na macho. Ukiwasha, zinainuka. Au zilitakiwa kuinuka. Siku lilipoletwa, ya kulia ilikuwa inapanda na kushuka bila kukoma, na ya kushoto imelala fofofo.

Nyundo alicheka mpaka akajishika kiuno. "Shemeji, gari linakukonyeza! Dada yangu anajua?"

"Dada yako ndiye kalituma lije kunipima," Mafundo akajibu, kichwa bado kiko ndani ya boneti.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Gari alipewa na baba yake, baada ya magoti kumkatalia mzee kuendesha. Tangu hapo alilibadilisha sana. Alilitia injini kubwa iliyotoka kwenye gari jingine, magurudumu mapana, viti vipya. Waliomwekea injini ndio waliokata kitita cha nyaya za mbele, wakaunga tena kama watu wanaofunga mzigo wa kuni huku mvua inanyesha.

"Baba anasema halijui tena hili gari," alisema. "Injini si yake, magurudumu si yake, viti si vyake. Anasema kilichobaki ni macho tu, yalivyokuwa yanaamka. Jumamosi saa nne namleta aone."

Nyundo akaingilia. "Daktari, ya nini kusumbuka? Nakata hivyo vifuniko, nachomelea taa mbili za duara. Asubuhi moja tu. Hazipandi, hazishuki, hazikonyezi mtu."

Daktari alimtazama Mafundo. "Unaziweza?"

"Naziweza."

"Basi ni zako mpaka Jumamosi. Zikikataa, achomelee." Akampa ufunguo.

Siku nne Mafundo hakunyoosha mgongo. Alizifungua mota zote mbili na kukwangua grisi iliyokauka ikawa kama sabuni ya zamani. Alisugua kwa msasa vile vibati vidogo vinavyoiambia mota isimame taa ikifika juu. Cha kulia kilikuwa kimeliwa na kutu, ndiyo maana taa ile haikujua pa kukomea. Alinyoosha mkono wa chuma uliopinda. Nyaya za zamani alizing'oa zote, akatandaza mpya sakafuni, akazipima kwa hatua za vidole na kuzifunga nyuzi moja moja. Alhamisi jioni alizijaribu na betri juu ya meza, zikatii. Alizilaza ndani ya gari, akaacha ncha kumi na sita zinaning'inia mbele bila kuunganishwa, kwa sababu Ijumaa ilikuwa zamu ya fundi rangi kupuliza ndani ya boneti.

Fundi rangi alikuwa ndiye msafi kuliko wote pale. Hata kikombe chake cha chai alikifunika kitambaa. Jumamosi saa moja asubuhi alimpokea Mafundo kwa tabasamu la mtu aliyekuwekea zawadi.

"Kaka, angalia kwanza."

Ndani ya boneti mlikuwa mnang'aa kama sahani. Mafundo alinyoosha mkono kuzigusa ncha zake. Zilikuwa laini. Hapakuwa na fundo hata moja.

"Nimekuondolea ule mzigo wa nyuzi," fundi rangi akaeleza. "Uzi unashika vumbi, vumbi linarukia rangi mbichi. Ila sikukutupa hivi hivi. Nimefuata fundo kwa fundo nikaweka utepe. Nyeupe betri, nyeusi bodi, nyekundu unapandisha, kijani unashusha. Sasa hata mtoto anaona!"

Mafundo aliziangalia zile ncha. Nyeupe na nyeusi alizitambua; zilizobaki zote zilikuwa udongo uliolowa.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Miwani nimeisahau nyumbani, hebu nisomee. Alishawahi kuutumia mara nyingi, kwenye gereji hii na nyingine. Lakini akisomewa leo, kesho akirudi kwenye nyaya hizi atasomewa na nani? Akibahatisha, taa zitamkonyeza mzee wa watu. Kuzifuata upya moja moja kwa taa ya kupimia kulitaka watu wawili, mmoja ndani kwenye swichi na mwingine mbele, na huyo wa pili angeuliza kwa nini. Nyundo naye alikuwa keshafika, na waya wake wa kuchomelea begani.

"Mimi sizioni hizi rangi," Mafundo akasema.

"Si nimeweka utepe mpya kabisa, kaka?"

"Nyekundu na kijani. Sijawahi kuzitofautisha tangu nizaliwe. Nyuzi ndiyo macho yangu."

Fundi rangi alijishika kichwa. Nyundo alitua waya wake taratibu.

"Na dada yangu anajua?"

"Nyuzi ni zake."

"Kumbe!" Nyundo akapiga paja. "Harusini kwangu ulikuja na soksi moja nyekundu, nyingine ya kijani! Miaka yote hii, shemeji, nimekuwekea kinyongo, nikidhani umenidharau!"

Mafundo alijikuta anacheka. Kisha akatoa uzi mfukoni. "Ingia ndani ukae kwenye swichi. Nikikwambia gusa, gusa. Tuna saa tatu."

Basi wakaanza. Nyundo anatia umeme kwenye waya mmoja huko ndani, Mafundo anapitisha taa ya kupimia kwenye ncha, inayowaka anaifunga uzi, macho amefumba. Fundi rangi alishika kurunzi bila kuambiwa, na hakusema neno juu ya vumbi. Walipofika ncha ya kumi na moja, kivuli kirefu kikaangukia boneti. Daktari alikuwa amewahi.

"Kwa nini unafumba macho?" aliuliza.

Angeweza kunyamaza. Lakini jambo likishatoka mara moja, mara ya pili halina uzito ule. Alimweleza yote, mikono inaendelea kufunga.

Daktari aliinama akagusa fundo moja, akalihesabu kwa kidole. "Mimi nusu ya kazi yangu naifanya kwa vidole," alisema. "Nyuma ya jino la mwisho hakuna anayeona kitu. Endelea, fundi. Namfuata baba."

Saa nne kasorobo nyaya zote zilikuwa zimeunganishwa. Mafundo akawasha swichi. Taa ya kulia ikapanda, ikasimama imara. Ya kushoto ikapanda kwa kujikokota, ikakwama nusu, kama mtu aliyeamshwa asubuhi ya baridi. Nyundo aliutazama waya wake wa kuchomelea, akausukuma chini ya meza kwa mguu, asiuone mtu.

Mafundo hakugusa mota. Alifumba macho, akakifuata kitanzi kwa vidole hadi kwenye bolti yake. Chini ya bolti palikuwa laini mno.

"Hapa umepaka?"

"Nimepaka kote, kaka," fundi rangi akasema kwa fahari. "Mara tatu."

"Umeme hauli urembo. Unataka chuma."

Alifungua bolti na kukwangua kwa msasa kiduara cha ukubwa wa ukucha. Fundi rangi aligeukia ukutani, uso umekunjamana kama yeye ndiye anayeng'olewa jino.

Mzee aliletwa taratibu, akawekewa kiti mbele ya gari. Hakusalimia injini, hakutazama magurudumu. Macho yake yalikuwa kwenye vile vifuniko viwili. Mafundo alijikunja akaingia ndani, akawasha.

Zikaamka pamoja. Hakuna iliyotangulia, hakuna iliyochelewa. Mzee aliinua mkono, kama mtu aliyepungiwa na rafiki kutoka ng'ambo ya barabara.

"Zima," akasema. Mafundo akazima, zikalala. "Washa." Zikaamka. Mara sita, na mara zote sita pamoja. Mwishoni mzee akamgeukia binti yake. "Sasa nalijua."

Kabla boneti haijafungwa, fundi rangi alichomoa mkasi. "Kaka, nipunguze vimikia vya nyuzi tu?"

"Viache," daktari akasema kabla Mafundo hajajibu.

Mchana huo huo dereva mmoja aliingia na gari lisilowaka, akaulizia fundi umeme. Nyundo alimwelekeza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mpelekee shemeji yangu yule pale! Rangi hazioni, lakini waya haumdanganyi!" Watu wakageuka. Mafundo alitoka mzima mzima, kifua mbele, mfuko umejaa nyuzi.

Jioni alimkuta mkewe kwenye cherehani.

"Wamejua," akamwambia.

"Enhe?"

"Taa zimeamka pamoja. Na nyuzi zako daktari kakataa zikatwe hata mikia."

Mguu wa mkewe ukaacha pedali. "Hebu kaa," akasema. "Anza mwanzo."