Binti wa Mfalme wa Urusi Aliyeharibu Posa Yetu Rusinga

Nimeona mwanaume akinyang'anywa mchumba na msichana aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mchana kweupe, kisiwani Rusinga, kwa sebule ya watu. Nilikuwa nimekaa kando yake na soda mkononi, na sikuweza kumsaidia.

Frankline ni rafiki yangu wa Migori mjini. Anauza simu na kava za simu kwa duka la mtu. Hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ni grupu ya Facebook inaitwa Kama Ingekuwa, na yeye ndiye admini.

Huko watu wazima hukaa wakibishana juu ya mambo ambayo hayakutokea. Ubishi uliowashika kabisa ni wa binti mkubwa wa mfalme wa mwisho wa Urusi. Angeolewa na nani ndio asiuawe kwa yale mapinduzi?

Maanake inasemekana mwaka wa 1914 alitafutiwa kijana wa ukoo wa kifalme wa Romania, akakataa. Akasema yeye ni Mrusi na anataka kubaki Mrusi. Miaka minne baadaye akauawa, yeye na familia yote.

Basi wanaume wa Migori wakaamua kumtafutia bwana upya.

Issack mwenye duka la nguo alitaka apelekwe kwa sultani wa Uturuki. Nyarangi wa buchari alisema angeletwa huku kwetu penye ng'ombe, si huko kwa baridi. Frankline alishikilia Romania, na ukimpinga unafungiwa nje ya grupu.

"Msichana haulizwi," aliandika. "Boma kubwa likibisha hodi, unapeana. Mapenzi atayakuta mbele."

Kulikuwa na akaunti moja tu iliyomsumbua. Jina Kuku Kienyeji, picha ni ya kuku. Kila posti swali ni lile lile: "Na binti mwenyewe mlimuuliza?"

Frankline akamjibu arudi kuatamia mayai. Tulicheka sana siku hiyo, na mimi nikiwa mmoja wao.

Sasa, huyo bingwa wa ndoa za wafalme alikuwa na mchumba wake, Lynnet, mwalimu wa shule ya msingi kule Rusinga. Alimpenda, hiyo siwezi kumnyima. Alikuwa amekodi nyumba Migori na kununua hadi pazia. Akamwambia Lynnet aombe uhamisho. Nimesema akamwambia, sikusema akamuuliza.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, jagam nilikuwa mimi. Jagam ni mtu wa katikati, ndiye anaongea. Bwana harusi kwa Wajaluo siku hiyo anaangalia chini, anakunywa soda polepole, anasifiwa.

"Omera, ndugu yangu," nikamwambia tukivuka daraja la Mbita, "leo mdomo wako ni mimi. Hata ukiulizwa jina, nitajibu mimi."

"Sammy, mimi si mtoto."

Nikajua tuko na shida.

Tulipokelewa vizuri. Babake Lynnet ni mzee mpole, hana maneno mengi. Maneno yote aliachiwa dada yake, Waya Awino, mwalimu wa historia aliyestaafu. Waya ni shangazi, na shangazi ndiye huchunguza kijana. Mzee akikubali na waya akatae, mmekataliwa.

Nikaanza kusifu. Frankline halewi, hapigani, na lile duka karibu liwe lake. Hapo mwisho niliongeza chumvi, ndiyo kazi ya jagam.

Waya alinisikiza hadi mwisho. Kisha akaweka kikombe chini na kumgeukia Frankline.

"Nasikia unapenda historia, kijana wangu. Kuna yule msichana wa Urusi. Ungekuwa babake, ungempea nani?"

"Mama, hilo wacha nijibu mimi," nikasema haraka.

Frankline alikuwa ameshasimama.

Jamani. Akaeleza Romania, akaeleza bandari zake, akaeleza mafuta. Mzee wa watu akabaki ameshika mandazi hajui ale au angoje. Nilimkanyaga mguu na hakusikia.

"Kwa hivyo msichana haulizwi?" Waya akauliza kwa upole.

"Mama, akiulizwa ataleta mambo ya moyo. Mzazi anaangalia boma. Boma zito ndilo linapewa."

"Hata kama kuna mwingine anayempenda?"

"Kupenda ni kwa nyimbo, Mama."

Jikoni nikasikia kifuniko cha sufuria kikipigwa chini. Lynnet alikuwa huko, na ukuta wa hiyo nyumba haufiki juu.

Waya akamgeukia ndugu yake. "Mzee, umesikia. Kuna daktari wa ng'ombe wa Mbita ametuma watu. Ana gari, ana nyumba ya mawe. Huyu anauza kava za simu. Mwenyewe ametufundisha tuangalie boma zito."

Frankline akakaa.

"Mama, hapana. Hiyo ilikuwa ya Urusi. Muulizeni Lynnet mwenyewe, tafadhali."

"Ati aulizwe?"

"Aulizwe, Mama. Nakuomba."

"Hata kwa grupu nilikuomba hivyo hivyo," Waya akasema. "Ukaniambia nirudi kuatamia mayai."

Mimi nilianza kusoma karatasi ya chupa ya soda.

Lynnet akaitwa. Akaja akijipangusa mikono, macho mekundu.

"Nakupenda, Frankline. Lakini mimi ni wa Rusinga na nataka kubaki Rusinga. Shule yangu iko hapa, watoto wangu wa darasa wako hapa. Hiyo nyumba ya Migori sikuulizwa."

Ni maneno ya yule binti wa mfalme, yale Frankline aliyaita ujinga mbele ya grupu nzima.

Posa ikaishia hapo. Samaki tulipewa, kwa sababu mgeni haondoki na njaa.

Waya akatusindikiza hadi langoni. Nikamuuliza huyo daktari wa ng'ombe ni nani, maana Mbita nawajua watu.

"Hakuna daktari," akasema. "Nyinyi si mnapenda kama ingekuwa?" Akamwangalia Frankline. "Daktari hakuna. Lakini jibu la Lynnet liko."

Frankline akarudi, akapita sebule, akaenda hadi mlango wa jikoni alikorudi Lynnet. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona akiuliza swali na kunyamaza angoje jibu.

Siku hizi anauza kava za simu Mbita, ng'ambo tu ya daraja kutoka kwa Lynnet. Pazia za Migori zilibaki kwangu.

Kwa grupu, Issack bado anamtafutia binti wa watu bwana. Ukiingia huko kubishana, uliza kwanza kama msichana aliulizwa. Na ukienda posa, nakuomba, muache jagam aongee.