Mtu wa Kila Siku

Nimecheza gofu ya kulipwa miaka ishirini na sita na sikuwahi kushika nafasi ya kwanza. Nasema mapema ili mtu asije akadhani natafuta sifa. Nafasi ya nne, ya tano, ya sita, hizo nazijua kama njia ya kwenda mtoni. Mikwaju yangu sabini na tatu, mvua inyeshe, jua liwake, kesho yake sabini na tatu tena. Makedi walikuwa wananitania kwamba ukimbebea mzee huyu mfuko unaweza ukasinzia huku unatembea, hakuna utakachokosa.

Mwenzangu alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Tulizaliwa mwaka mmoja, migomba yetu ikiwa imepakana, na gofu tulijifunza pamoja kwa kubeba mifuko ya wakubwa wa shamba la chai. Uwanja wao ulikuwa wa mashimo tisa. Siku hizi umepandwa chai yote, ukipita pale huwezi kujua kwamba watu wazima waliwahi kutembea humo wakifukuza kampira. Sisi wawili ndio tuliotoka pale tukawa wachezaji wa kulipwa, tukaenda Arusha, tukaenda Dar es Salaam, tukalala chumba kimoja miaka mingi.

Akiamka vizuri, ungeacha kucheza ukae umwangalie. Siku moja mpira wake uliangukia nyuma ya banda la kupimia majani ya chai. Shimo halionekani, mbele kuna paa la bati. Mtu mwenye akili angeutoa pembeni taratibu, kama ambavyo ningefanya mimi. Yeye aliupitisha juu ya bati, ukadunda mara mbili, ukaingia shimoni. Aligeuka akaniangalia akasema, "Umeona, au ulikuwa unahesabu?" Kesho yake alipoteza mipira minane vichakani, akanuna mpaka jioni.

Na mimi kwa kweli nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nalala mapema, nakula kilekile, nafanya mazoezi saa ileile. Yeye alikwenda kukaa na watu. Kwetu kukaa na watu wa rika lako, kula nao na kucheka nao, ni jambo kubwa, tunaliita kwangala, na mtu asiyekwangala hutazamwa kwa jicho la pembeni. Nilijiambia nitakwangala nikizeeka. Haraka haraka haina baraka, si ndiyo wanavyosema?

Kisha yakaja mashindano ya wawili wawili, ng'ambo ya mpaka, Malawi. Mpira ni mmoja, mnapokezana: yeye anapiga, wewe unapiga, na akiupeleka msituni ni wewe unayeingia kuutoa. Nahodha wa timu yetu aliniita kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mbele ya wenzetu wanne watano, akaniuliza nataka kwenda na nani. Kila mtu alijua jibu. Hata nahodha alishaandika jina la mwenzangu kwa penseli.

Nikasema, "Yule? Huwezi kujua ataamka siku gani."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Yeye alikuwa ameinama nyuma ya makabati anafunga kamba za viatu. Alisimama, akachukua mfuko wake, akapita katikati yetu, akatoka. Nilikwenda Malawi na mtu mwingine, mtulivu kama mimi, tukashika nafasi ya nne. Niliporudi chumbani nikakuta kitanda cha mwenzangu kitupu. Alikuwa amerudi kwetu Rungwe, na gofu akaiacha hukohuko njiani.

Mke wangu alipofariki, watoto wakiwa na maisha yao Mbeya na Dar es Salaam, nilirudi nyumbani Suma. Niliona aibu kukaa bure, nikachonga mashimo matatu kwenye malisho ya marehemu baba. Ng'ombe wa jirani ndio wanaonikatia nyasi. Kila siku saa moja asubuhi nipo pale na fimbo zangu, ukungu umelala juu ya migomba, napiga, natembea, naokota, napiga. Majirani wananisalimia vizuri tu, kisha wanapita. Watu wa rika langu wana vikao vyao walivyovizoea miaka thelathini, na mimi nikienda wananipisha kiti kama mgeni. Nilikuwa mpweke, nisizunguke. Kuna siku nilikuwa naisikia sauti yangu mara moja tu, nikimfukuza ndama shimoni.

Niliyemtaka ni yule mwenzangu. Alikuwa amehamia karibu na Igogwe, kwao mkewe, analima ndizi. Nilimpigia simu, akasema "Haya," akakata. Sikumlaumu. Kinyongo cha mtu wa rika lako hakimalizwi kwa simu. Wazee wetu walikuwa wakisema kisiposemwa ana kwa ana, kinamwachia mtu baridi mwilini isiyotoka hata kwa moto wa kuni, na kikishasemwa mnakula sahani moja, yanaisha. Mimi baridi hiyo nilikuwa nayo. Madaktari wangeniambia ni umri.

Tulikutana kwa bahati Kiwira, siku ya soko. Nilimtambua kwa mgongo, amebeba mkungu. Tulisimama barabarani kama watu wanaosubiri gari.

"Bado unacheza?" akaniuliza.

"Kila asubuhi."

"Kila asubuhi." Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Sawa. Nitapita asubuhi moja. Utaniambia ulichonacho, halafu tutakula."

Hakusema lini, nami sikuthubutu kuuliza. Nilirudi Suma nikiwa na furaha ya kijinga, nikanunua sahani kubwa ya bati, maana nilizokuwa nazo zilikuwa za mtu mmoja mmoja. Kuanzia kesho yake nikawa nabandika mbalaga, ndizi zetu za kupika, za watu wawili kabla sijatoka na fimbo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nachungulia njia kila nikipiga mpira. Ukapita wa pili, wa tatu. Ndizi zilizobaki nilimpa bibi jirani, yeye ananiambia "ndaga fijo, mwanangu," asante sana, kila siku, mpaka neno lenyewe likaanza kuniudhi. Miezi minane! Malaria ilinishika mara moja, nikakaa kwenye kigogo nje nimejifunika blanketi, ili akija anikute.

Jumanne moja niliamka na hasira. Sijui zilitoka wapi. Nilitazama sufuria nikasema, hata mbwa hangojewi hivi. Sikubandika kitu. Nilivaa koti, nikatoka kabla ya saa moja, nikapanda pikipiki hadi Tukuyu mjini. Sikuwa na shida huko. Nilikaa kwenye hoteli ya Mswahili mmoja anayepika chapati, nikanywa chai, nikamwuliza habari za biashara, akanieleza, nikaagiza chai nyingine. Mvua ikaja ikaondoka. Nakiri kwamba niliifurahia asubuhi ile. Sijui kama niliwahi kukosa zoezi kwa kupenda kwangu tangu nilipoanza kushika fimbo.

Nilirudi adhuhuri. Bibi jirani alikuwa amesimama mlangoni pangu na mwavuli wake, ananisubiri.

"Mwenzio alikuja," akasema. "Yule mrefu. Alifika wewe umetoka sasa hivi tu."

Alinieleza yote, polepole, kana kwamba ananipa habari njema. Mwenzangu alikaa kwenye kigogo. Baadaye akachukua fimbo moja barazani, akapiga mpira wa kwanza ukapotelea kwenye kahawa, wa pili nao hukohuko, wa tatu ukaenda ukazama shimoni. "Nimeuona kwa macho yangu," bibi akasema. Bibi alimpelekea ndizi, mwenzangu akakataa, akasema atakula na mwenye nyumba. Alinyeshewa mvua yote pale. Halafu akaondoka. Nilimwuliza kama aliacha ujumbe, akasema hapana.

Kesho yake nilikuwa Igogwe mapema. Mkewe alikuwa uani anamenya ndizi. Tulisalimiana, "Ugonile, shemeji," akanipa benchi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi nusu, nikasikia mtu anakohoa ndani. Nilijua ni yeye. Shemeji aliingia, akakaa kidogo, akatoka.

"Anasema alikuja."

"Najua. Mwambie nimemngoja miezi minane. Kila asubuhi, shemeji, hata nilipokuwa mgonjwa. Ni jana tu. Mwambie ni jana tu ndiyo nilikosa."

Aliingia tena. Safari hii alichelewa, na alipotoka hakuniangalia, aliangalia kisu chake.

"Anasema yeye anaijua hiyo jana tu."

Nilitaka kupaza sauti ili anisikie mwenyewe, nimwambie si haki, mtu hapimwi kwa siku moja. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Nikayasikia kabla sijayasema, nikamkumbuka ameinama nyuma ya makabati, nikayameza.

Sikuondoka. Niliona nikiondoka nitakuwa nimemaliza kila kitu. Shemeji alipika, moshi ukapita kati yetu, ndani kikohozi kikaendelea. Ndizi zilipoiva alipakua sahani mbili. Moja akaniwekea kwenye benchi, na maji ya kunawa, na maziwa mgando, kwa heshima zote. Nyingine akaiingiza ndani, akaurudishia mlango. Nikala peke yangu, uani kwake, huku nikisikia kijiko cha mwenzangu mle ndani.