Kurasa Arobaini kwa Saa Moja

"Wewe utengeneze tovuti? Ya nani, ya ndama?"

Ndivyo walivyonicheka majirani Butiama, siku baba mdogo alipouza mtamba wake, na shangazi wa Bukima mbuzi wake wawili, ili nikasome diploma ya kompyuta Dar es Salaam. Kwetu mnyama aliyeuzwa kwa ajili yako hurudi kwa kwato, si kwa noti. Wengi walisema hao wameshaliwa.

Nilirudi na diploma yangu, nikapanga chumba mtaa wa Mwisenge, mjini. Ushirika wa wakulima wa pamba Bunda ukanipa kazi: tovuti ya kurasa arobaini, moja kwa kila kijiji. Malipo yangetosha mtamba na mbuzi.

Mimi siandiki ovyo. HTML yangu, mifupa ya ukurasa, inasema tu hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Sura yote nimeiweka katika faili moja la CSS linalosomwa na kurasa zote, na kila rangi nimeitaja mara moja tu, juu kabisa. Jirani mwenye stationery, naye hutengenezaga tovuti, alinicheka: "Bro, kopi, pesti, maliza. Nani atafungua huko ndani?"

Siku ya mkutano mkuu tuliirusha tovuti ukutani kwa projekta. Nilikuwa nimechagua kijani cha jani la mpamba na njano ya ua lake. Mzee mmoja akasimama. "Mwenyekiti, hizi si rangi za chama? Huu ni ushirika au ofisi yao?"

Ukumbi ukalipuka. Uchaguzi ulikuwa karibu; wengine wakaanza kutoka.

"Kijana," mwenyekiti akaniambia, "una saa moja. Ikishindikana, hatukulipi."

"Page arobaini kwa saa moja?" katibu akaguna. "Mwacheni aende zake."

Nilifungua faili lile la CSS, nikabadilisha mistari miwili ya rangi: kahawia ya udongo, nyeupe ya pamba. Nikapakia. Kurasa zote arobaini zikageuka kabla chai haijamiminwa.

"Huyu mchawi," mzee yule akasema, akarudi kukaa. Mimi pia nilikaa. Nikapokea kikombe cha chai.

Nilipolipwa, nilipeleka kwanza mbuzi wawili Bukima. Jioni hiyohiyo nikaingiza mtamba uani kwa baba mdogo, kabla jua halijazama, nikipitia njia ya wale walionicheka. Akamzunguka, akamshika nundu.

"Huyu amemzidi yule wangu," akasema, kwa sauti ya kufika kwa majirani. "Akizaa, baba, ndama wake umtengenezee tovuti."