Nilivyobandika Mafunzo ya Kungwi Mlangoni kwa Ajili ya Leseni

Nimekosa, jamani, na wa kumlaumu sina. Ngoja niliseme, maana limenikaa kooni miaka yote hii.

Miaka ya tisini inaelekea kwisha, nilikuwa na kompyuta moja dukani kwangu Tandika. Nikatengeneza programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Kichwa kilivimba! Rafiki yangu aliyesoma Ulaya akanikataza kuigawa bila leseni, akaniletea leseni mbili kwenye disketi nichague.

Moja ilikuwa ya upole: chukua, fanya utakavyo, jina langu tu usilifute. Nyingine kali: ukiibadilisha na kuigawa, kazi yoyote itokanayo nayo uitoe wazi kwa watu wote. Nikachagua kali, kwa kuogopa wajanja wa Kariakoo wasije wakaigeuza kidogo na kuifanya yao.

Sasa hilo neno "kazi"! Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikaelewa ni kazi yoyote itakayofanywa kwa programu yangu.

Wa kwanza kuitumia alikuwa Zena, mchumba wangu. Mama yake ni kungwi, anafunda mabinti wanaokaribia kuolewa, na alitaka mafunzo yake yaandikwe yasipotee. Zena akachapa mwenyewe, mimi nimeamriwa kutazama ukuta.

Alipoondoka nikaanza kuwaza. Leseni ni leseni! Nikiivunja mimi mwenyewe, nani ataiheshimu? Nikachapisha nakala ya mafunzo yale, nikabandika mlangoni.

Mungu wangu! Wanaume wa mtaa mzima walihamia dukani.

"Kumbe ndo maana nikianzaga kufoka napewaga maji ya kunywa!" mmoja alipiga kelele. "Nifoke vipi na maji mdomoni?"

Mwingine alikuwa ananakili kwenye pakiti ya sigara.

Mama Zena akaja na wanawake wenzake, khanga zimefungwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Jamani, kunyimwa marahaba na mama mkwe!

"Nani kakutuma?"

"Leseni, mama."

"Leseni ya baiskeli?"

"Ya programu."

"Basi mahari yako kaipelekee hiyo leseni."

Nikamkimbilia rafiki yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Leseni ilihusu programu yenyewe na mabadiliko yake tu, si maandishi ya mtu aliyeitumia! Nikatoka mbio hadi kwa Zena.

"Zena, nilikosea kusoma!"

"Uliisoma mara ngapi?"

"Saba."

"Karatasi hainuni, haijibu, umeisoma mara saba na hujaielewa. Mie utanielewa lini?"

Niliumia, sifichi.

Wenzangu mnaotengeneza programu, chagueni leseni mnayoitaka, kali au ya upole. Ila kabla hujaitii, muulize anayejua inahusu nini, na mwenye siri yake muulize kwanza kama anataka itoke. Mimi sikuuliza. Zena kaolewa Kinyerezi. Programu ninayo bado, bure kwa yeyote, na mpaka leo hakuna aliyeiomba.