Neno Asilolitaja Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hasemi "nyoka". Husema "kamba", iwe mchana au usiku. Ukimtaja, anasema, umemwita. Mimi ni mbishi, nilikuwa namcheka waziwazi, mpaka mke wangu akanikanya: asubuhi ile baba yake alipoondoka kwenda shamba alimtaja nyoka kwa mzaha, jioni wakamrudisha juu ya baiskeli, mguu umevimba. Hakufika hospitali akiwa hai. Nikaacha kucheka, ingawa kuamini sikuamini.

Kazi yangu ni picha, Ifakara mjini: pasipoti, harusi, kipaimara. Nesi mmoja wa zahanati ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya. Wagonjwa wanaletwa wameumwa, akalalamika, ukiwauliza nyoka gani wanakujibu "wa kahawia". Alitaka picha kubwa za kubandika ukutani, za karibu kabisa, ili mtu anyooshe kidole aseme ni huyu. Nikakubali kabla ya kufikiri, ndivyo nilivyo.

Jumamosi moja, mpunga ukiwa umeshavunwa, mama mkwe akanipigia kutoka shambani kwake Katindiuka. "Baba, ile kamba unayoitafuta iko hapa kwenye jaruba. Ukichelewa naipiga jembe."

Nikadaka bodaboda. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba akiwa juu ya tuta, mbali nami kama inavyotupasa. Miaka saba ya ndoa, hatujawahi hata kushikana mikono. "Na hiyo kamba ya kamera yako," akasema, "funga vizuri, siku moja itakunyonga." Nikacheka, nikaiacha ining'inie.

Nyoka mwenyewe, kifutu, alikuwa amelala kwenye mabua, mnene kama mchi wa kutwangia. Nikalala kifudifudi. Lenzi ya karibu inataka usogee, na kifutu hataki usogee. Ni mvivu wa kutembea, lakini kwa kuuma, weee! Nikajivuta kwa viwiko. Akajaza pumzi, akaitoa kama tairi la baiskeli linalopoteza upepo. Jasho likaniingia jichoni, sikuthubutu kulifuta. Niliogopa, jamani. Nikapiga moja, haikutulia. Nikasogea tena kidogo, nikapiga nyingine.

"Kamba, baba," mama akasema nyuma yangu.

Huyu naye na kamba yake ya kamera! Sasa hivi?

"Kamba! Kwenye mkono wako!"

"Naivuta, mama," nikanong'ona, jicho likiwa bado kwenye kamera. Nikapeleka mkono wa kushoto pembeni, nikaanza kupapasa majani.

"NYOKA!"

Mkono ulirudi wenyewe. Nikageuka mwili mzima, na pale pale nilipokuwa napapasa palikuwa na kifutu wa pili, shingo ameshaikunja, tayari. Baadaye nilikuja kusoma kwamba dume humfuata jike, hata kama kuna mjinga amelala katikati. Wakati ule sikujua chochote. Nilisikia tu mikono miwili imeshika mkanda wa suruali yangu, ikaniburuta juu ya mabua kama gunia la mpunga mpaka kwenye tuta. Mama mkwe wangu, huyo huyo tusiyeshikana mikono.

Tulikaa tukihema. Yeye analia na kunifokea kwa pamoja.

"Mjinga wewe! Ulitaka nizike wangapi katika shamba hili?"

"Nisamehe, mama."

"Umenifanya nimtaje."

Nikaishika kamera ili mikono ipate kazi, nikaangalia kilichomo. Kifutu wa kwanza alikuwa ametoka vizuri kwenye moja, magamba na macho. Iliyofuata sikuipiga kwa kukusudia. Kidole kilibonyeza nilipogeuka. Imetikisika, lakini mama anaonekana: anaruka kutoka kwenye tuta, kanga inamdondoka, mdomo umeachama.

Akachungulia begani kwangu. Akaielewa haraka kuliko mimi.

"Futa hiyo, baba. Bado namtaja hapo."

Nikabonyeza bonyeza vitufe mbele yake. "Nimefuta, mama."

Kifutu yuko ukutani kwa nesi, watu wanamnyooshea kidole. Ile nyingine ninayo mpaka leo. Nikibaki peke yangu studio huifungua, nikamtazama akiwa hewani, anakuja kunichukua. Sijaifuta, na sitaifuta, Mungu anisamehe.